Macho ya Kazi

Katika nyumba yetu, mtoto aliyeshindwa kusoma bango la upande wa pili wa barabara alipigiwa makofi.

Sisi ni wachonga majina. Pete za arusi, vikombe vya mashindano, saa wanazopewa wastaafu siku ya kuagwa, vibao vya shaba vya milango ya mawakili: anayetaka jina lake likae kwenye chuma huja kwetu. Baba yetu alichonga, na baba yake vilevile, na wote wawili hawakuwa wakiona mbali. Mtu wa namna hiyo akivua miwani na kuinama mpaka pua ikaribie kugusa chuma, huona mkwaruzo ambao mimi na wewe tungeutafuta kwa kurunzi. Ndiyo maana kwetu hali hiyo haikuitwa ugonjwa. Iliitwa macho ya kazi. Aliyekuwa nayo alikalishwa kwenye meza ya kuchongea, na asiyekuwa nayo alipewa kaunta.

Mimi nilipewa kaunta. Nilizaliwa na macho mazuri, na hakuna aliyenipa pole waziwazi, lakini niliiona nyusoni mwao. Niliweza kusoma namba ya gari lililo mwisho wa barabara, ila herufi iliyochongwa ndani ya pete niliiona kama chawa. Baba alinijaribu kwa miezi kadhaa, kisha akasema kwa upole, "Wewe mwanangu utaongea na watu." Nimeongea na watu tangu siku hiyo. Nimejisomea jioni mpaka nikapata vyeti vyangu, naandika risiti kwa mwandiko ambao wateja huusifu, na nimepeleka kazi kwa wenyewe bila kudondosha hata kikombe kimoja. Meza alirithi kaka yangu.

Kaka alichonga kwa jicho moja. La kushoto lilizimika miaka mingi iliyopita. Ukimuuliza alisema ni kipande cha chuma kilichomrukia. Ukimuuliza siku nyingine alisema ni uzee, ingawa lilipozimika alikuwa bado anacheza mpira Jumapili. Mara nyingi hakuulizwa. Kwa jicho la kulia alichonga kuliko mafundi wenye mawili, na alijua hivyo, na wateja walijua, na kama kuna aliyesahau alikumbushwa.

Mjukuu wake tulimwita Sindano. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye maneno machache yanayochoma. Kila akitoka shule alipitia karakana, akavua miwani, akaiweka juu ya kopo la grisi, akainama kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, pembeni ya babu yake. Kaka alimpa mabaki ya shaba ajifunze mistari. Baada ya muda akampa herufi. Mtoto alichonga herufi ya S iliyotulia kama paka aliyeshiba, na kaka akaizungusha sokoni mfukoni mwake akiwaonyesha watu ambao hawakuomba kuiona.

Miwani ya Sindano iliongezwa nguvu kila mwaka. Alipofikia miwani ya namba tatu, kaka aliagiza soda kwa kila aliyekuwapo karakanani, hata mteja aliyekuja kulalamika.

"Kunyweni," alisema. "Macho yanazidi kuiva."

Aliyekuja kuharibu sherehe ni mama yake mtoto, binti wa kaka. Yeye huchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na siku hiyo alikuja na vazi lake la kazi lenye madoa ya kijani. Mwalimu alikuwa amempigia simu. Sindano anakaa dawati la mbele kabisa, bado anasimama na kwenda ubaoni kila mara, na wenzake wanapiga kelele kwamba anawaziba.

"Kwa hiyo mwalimu aandike herufi kubwa," kaka alisema.

"Baba, miwani ni mpya. Haijamaliza hata mwaka."

"Mtoto anakua. Viatu navyo si vinambana?"

"Viatu nikinunua vikubwa vinamkaa. Macho nitamnunulia wapi?" Kisha akanigeukia mimi. "Baba mdogo, kesho nampeleka kwa daktari wa macho. Si yule anayeuza miwani pale stendi, daktari. Naomba unisindikize, maana nikielezwa mambo mengi kwa pamoja mimi nasahau, na wewe unakumbuka."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Kaka alisema yeye ana kazi.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimweka Sindano kidevu juu ya mashine, akamwambia atazame taa ndogo, akapima jicho moja, kisha la pili, kisha akarudia. Nilitegemea atatuambia namba ya miwani, tuagane. Badala yake alituambia urefu.

"Jicho la mtoto huyu linarefuka," alisema. "Limekuwa refu kuliko linavyotakiwa, kutoka mbele kwenda nyuma. Ndiyo maana vitu vya mbali vinamchanganya. Na bado linaendelea."

"Si ataongezewa miwani?" nikauliza.

"Ataongezewa, na aivae muda wote. Miwani inamfanya aone, lakini hiyo ya kawaida hailizuii jicho kurefuka. Na kadiri linavyorefuka, utando ulio nyuma yake, ule unaopokea picha, unavutwa."

Binti yangu, maana kwetu mtoto wa kaka ni wako, alikuwa akikuna doa la kijani kwenye kidole. "Ni kama kupaka ukuta wa vyumba viwili kwa kopo la chumba kimoja," akasema polepole. "Rangi inafika, lakini ni nyembamba. Siku moja inapasuka."

"Umenielewa vizuri," daktari alisema. "Si kila mtu, wala si leo. Lakini akiwa mtu mzima, hatari inakuwa kubwa zaidi kwake kuliko kwa mwingine. Kuna yeyote katika ukoo aliyepoteza jicho?"

Tulitazamana.

"Baba yangu," akasema binti yangu. "Chuma kilimrukia."

"Nani alikiona hicho chuma?"

Hakuna aliyekiona. Daktari hakusukuma. Alisema hawezi kumzungumzia mtu ambaye hajampima, ila mzee huyo akiona cheche za mwanga pembeni mwa jicho, au vidoa vingi vya ghafla, au kitu kama pazia linashuka, asingoje kesho. Niliyaweka maneno hayo kichwani pamoja na mengine.

Mengine yalikuwa haya. Matone ya dawa, moja tu kila jicho, kabla ya kulala. Kitabu na kazi ya mkono visikaribie kuliko urefu kutoka ngumi mpaka kiwiko, na kila baada ya muda mfupi macho yainuliwe yatazame mbali. Na kila siku akae nje kwenye mwanga wa mchana, kwa uchache saa nzima, zikiwa mbili ni bora zaidi.

"Akifanya nini?" binti yangu aliuliza.

"Chochote. Akimbie, akae, agombane na wenzake. Mwanga wa nje ndio dawa, na umbali."

"Na atapona?"

"Hapana," daktari alisema, na nilimheshimu kwa kutozunguka. "Hatuponyi. Tunapunguza mwendo tu. Kwa watoto wengi unapungua, na siwezi kukuapia kwamba wako ni mmoja wao. Nataka akifika utu uzima jicho liwe limesimama mahali pa salama zaidi, si pale linakokimbilia sasa."

Sindano, aliyekuwa akining'iniza miguu kwenye kiti kirefu, aliuliza swali moja. "Nitaendelea kuona herufi ndogo?"

Daktari akacheka. "Utaziona. Ila usizilalie."

*

Kaka alisikiliza taarifa yangu bila kuacha kuchonga.

"Jicho refu," alisema. "Mkono mrefu nimesikia. Ulimi mrefu nimeuona, uko hapo kaunta. Jicho refu ndiyo leo."

"Ni kipimo cha mashine, kaka."

"Baba yetu alipimwa na mashine gani? Na alichonga mpaka siku ya kufa." Akapuliza vumbi la shaba. "Matone mpeni, hayachukui nafasi mezani. Lakini hilo la kuanikwa juani kama nguo, nani atasimamia? Mama yake yuko dukani, mimi nina kazi."

"Mimi napeleka kazi kwa wateja kila alasiri. Naweza kwenda naye."

"Basi nenda naye. Macho yako hayana shughuli."

Ndivyo nilivyopata msaidizi. Kila alasiri, Sindano alipofika kutoka shule, nilimpa mfuko wa vibao au sanduku la pete, nami nikabeba vikombe, tukatoka kwa miguu. Siku za mwanzo aliniandama kama askari aliyeshushwa cheo.

"Babu mdogo, tunatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu. Tunatembea."

"Sasa si tungetembea haraka, turudi?"

Kilichonishangaza ni jinsi alivyokuwa hajui kilichopo nje. Watu aliwatambua kwa sauti na mwendo, na barabara aliijua kwa mashimo yake. Kwa miwani mpya, siku moja alisimama ghafla na kunishika kanzu.

"Yule mama kule kituoni anapiga miayo."

"Ndiyo. Amechoka."

"Anajua kwamba namwona?"

"Hajui."

Alifikiri sana juu ya jambo hilo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kupeleleza. Aliniambia muuza magazeti anajikuna mgongo kwa mwavuli wa mteja, na fundi baiskeli anakula wakati amewaambia watu amefunga duka. Kwenye ofisi ya wakili tuliyemchongea kibao, alisimama chini ya ngazi akakunja uso. "Hiki cha kwetu hakisomeki kutoka hapa. Kinaonekana kama kimetemewa mate." Nilimfikishia kaka ujumbe huo kwa furaha ndogo ambayo sikuificha vya kutosha. Kaka alijibu kwamba anayetaka kumsoma wakili na apande ngazi.

Nyuma ya kiwanda cha matofali kulikuwa na uwanja mtupu ambapo watoto wa mitaa hiyo walikimbizana. Tulipomaliza kupeleka kazi, nilikaa juu ya rundo la matofali na Sindano alikaa kando yangu. Wale watoto walimwita Madirisha kwa sababu ya miwani. Yeye aliwaita kwa namna ambayo sitaiandika. Baada ya siku chache za kutukanana hivyo wakawa marafiki, akawa anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na mama yake akawa anafua bila kulalamika.

*

Baada ya nusu mwaka tulirudi kwa daktari. Namba ya miwani ilikuwa imepanda tena, robo tu, lakini imepanda. Binti yangu alitoka pale amenyong'onyea. Daktari alikuwa amemweleza kwamba zamani ilikuwa ikipanda mara mbili ya hapo kwa muda kama huo, na kwamba hicho ndicho tulichokitaka, lakini maneno hayo hayakumwingia. Alikuwa amekesha akitegemea kushuka.

Kwa kaka habari hiyo ilikuwa ushindi.

"Si nilisema? Mmemtia matone, mmemkimbiza juani, na bado."

"Imepanda kidogo, kaka. Ingepanda zaidi."

"Ingepanda. Nionyeshe hiyo ingepanda. Mimi mteja akiniuliza kazi yake iko wapi, namwambia ungeona ambavyo ingekuwa mbaya zaidi?"

Nilijua kwamba daktari yuko sahihi, lakini ni vigumu kumshawishi mchongaji kwa kitu ambacho hakikutokea.

Likizo ya shule ikaanza, na pamoja nayo ikaja kazi kubwa: vikombe na medali za mashindano ya shule zote za mji, kila medali na jina la mchezaji wake. Kaka alizikubali zote. Siku ya kwanza alisema Sindano amsaidie asubuhi tu. Siku ya pili asubuhi ikafika hadi chakula cha mchana. Siku ya tatu nilibeba mizigo peke yangu, na wiki ile ikaisha hivyo. Sindano hakulalamika, alikuwa amepewa chuma halisi cha wateja kwa mara ya kwanza, na alikaa pale amevimba kwa fahari, miwani juu ya kopo la grisi, pua kwenye medali. Nami nilikaa kaunta. Sijawahi kubishana na kaka yangu juu ya meza. Meza ni yake.

Jumamosi mama yake alipitia kumchukua. Alimfuta mtoto vumbi la shaba puani, akamuuliza, "Leo mlikwenda wapi?"

"Hatukwenda."

"Jana?"

"Hatukwenda. Tuna kazi ya medali, mama. Nimemaliza shule mbili nzima."

Binti yangu hakumwambia neno baba yake. Alinitazama mimi. "Baba mdogo," alisema, "huyu nilimwacha kwako."

Wakaondoka. Nilibaki nimeshika kalamu ya risiti, na hapakuwa na mteja.

*

Jumatatu, kabla sijafungua kaunta, niliingia chumba cha meza. Sindano alikuwa hajafika. Kaka alikuwa ameinama kwenye kikombe, na nilisimama nyuma yake nikipanga maneno yangu. Kisha nikaona kikombe chenyewe. Jina la shule lilianza vizuri, likafika katikati, halafu mstari wa chini ukaanza kuteremka, kama mtu anayeandika akiwa ndani ya gari. Kaka yangu hakuwahi kuchonga mstari uliopinda tangu akiwa kijana.

"Kaka, huu mstari umekwenda chini."

"Nimeuona."

"Umechoka?"

"Nenda kaunta."

Sikwenda. Nilivuta kile kigoda cha mtoto nikakaa. "Sindano hatakuwa hapa mchana," nilisema. "Kuanzia leo anatoka na mimi, kama zamani. Kama medali zitachelewa, nitawaambia wenyewe. Kuongea na watu ni kazi yangu."

Nilingoja anifokee. Aliweka kalamu ya chuma mezani, akaipanga sambamba na nyingine.

"Niachie likizo hii tu," alisema. "Kidogo tu. Amebakiza herufi za kuinama na kusoma unene wa chuma. Akishika hayo, mengine atayapata hata bila mimi."

"Kwa nini bila wewe? Unasafiri?"

Nje mtu alifungua mlango wa chuma wa duka la jirani, ukakwaruza, na kaka akageuza kichwa upande mwingine kabisa, kama aliyeona kitu pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Unaona nini?" nikauliza.

"Hamna kitu."

"Kaka."

"Cheche," alisema. "Pembeni hapa, kama mtu anachomelea chuma. Na nzi, nzi wengi, wanapita. Tangu Alhamisi." Akajishika goti. "La kushoto lilianza hivihivi. Nikasema nitamaliza kwanza pete za watu. Baada ya siku chache likafungwa kama pazia. Nikamwambia kila mtu ni chuma, maana ningesema nini, kwamba limezimika lenyewe? Nani angeniletea kazi?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa haraka yake. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mtu mwenye kiburi, nikamkuta mtu anayejaribu kuhamisha nyumba kabla paa halijaanguka. Hasira yangu ilikosa pa kukaa.

"Vaa viatu," nilimwambia.

"Kikombe hiki kina..."

"Vaa viatu, kaka. Daktari alisema usingoje kesho, na wewe umengoja tangu Alhamisi."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa akitafuta ni lini nilijifunza kumwamuru. Kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya meza, na kwa sababu hakuviona vizuri, mimi ndiye niliyevisukuma mbele kwa mguu.

Njiani tulikutana na Sindano akija, tukaenda naye. Nilimpigia mama yake simu, akatukuta pale kwa daktari akiwa na vazi la kazi, safari hii la rangi ya chungwa.

Daktari alimtia dawa ya kupanua mboni, akamtazama kwa muda mrefu. Utando ulikuwa umechanika mahali pamoja, ukingoni, lakini ulikuwa haujabanduka. Alimpeleka chumba cha pili akauzunguka mpasuko ule kwa mionzi, kama fundi anayepiga mishono kuzunguka tundu kabla halijawa kubwa. Alipomaliza alisema, "Mzee, umewahi. Umecheza na bahati, lakini umewahi. Usiiname mezani kwa muda, na nitakuona tena wiki hii."

Kaka alikaa akifuta machozi ya dawa. "Hili la kushoto," alisema. "Lina chuma?"

Daktari alikwisha kulitazama. "Halina chuma. Lilichanika, kama hili."

"Siku ile ningekuja..."

"Pengine lingeokoka. Siwezi kusema kwa hakika."

"Pengine," kaka alirudia. Kisha akasema, "Nipime urefu."

Wakampima. Jicho lake lilikuwa refu sana. Akaomba kujua la mtoto, na daktari akageuza kioo cha kompyuta akamwonyesha, namba kubwa kwa sababu hakuona vizuri, na mistari miwili ya namba za miwani: mmoja ukipanda tangu Sindano alipoanza kuvaa miwani, hadi siku tuliyoanza matone, na mwingine tangu siku hiyo. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliifuata kwa kidole ile mistari kama anavyofuata kazi ya mwanafunzi.

"Huu wa kwanza umekatwa kwa nguvu," alisema. "Umesimama. Huu wa pili mkono umelegezwa. Umelala."

"Haujalala kabisa," daktari alisema.

"Haujalala. Lakini mchongaji amelegeza mkono." Akamgeukia binti yake, au pale alipodhani amesimama. "Mbona hamkunionyesha huu mstari, mkawa mnaniambia robo, robo?"

"Baba, ulikuwa na kazi," binti yangu alisema. Alikuwa analia na kucheka, na rangi ya chungwa ilikuwa imemfika shavuni.

*

Asubuhi iliyofuata kaka alinituma kwa mchonga majina wa upande wa pili wa mji, mtu anayechonga kwa mashine na ambaye kwa miaka yote tulimwita Kinyozi kwa jinsi anavyoparua chuma. Nilimpelekea nusu ya vikombe na medali zote zilizobaki. Alinipokea vizuri kuliko tulivyostahili. Nilipata tabu kumtafutia jina lingine njiani nikirudi.

Niliporejea, Sindano alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Kopo la grisi lilikuwa na miwani juu yake. Kaka alikuwa amesimama kando, miwani myeusi usoni, mikono nyuma.

"Medali ziko wapi?" mtoto aliuliza.

"Zimekwenda kwa mtu mwingine."

"Zangu pia?"

"Zako pia. Vaa miwani yako."

Aliivaa taratibu. "Nimekosea wapi? Ile shule ya tatu nilirudia, lakini nilisawazisha."

"Hujakosea. Umechonga vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wako, na baba yangu angesema hivyo." Alivuta pumzi. "Meza imefungwa. Jumapili utakuja muda mfupi, miwani machoni, chuma mbali na pua, herufi kubwa tu. Siku nyingine zote unatoka nje na babu yako mdogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jicho liache kurefuka."

"Litaacha lini?"

"Ukiwa msichana mkubwa. Daktari anasema hivyo."

Sindano alipiga hesabu kwa midomo. "Utakuwa umezeeka."

"Nimeshazeeka. Nitakuwa nimezidisha."

"Na kama jicho lako nalo litazimika kabla?"

Hakuna mtu mzima aliyethubutu kumuuliza hivyo. Kaka alitafuta kigoda kingine kwa mkono, akakaa, wakawa usawa mmoja.

"Likizimika, nitakufundisha kwa mdomo. Na mwanga wa kufuata maneno yangu utakuwa nao wewe. Ukiwa huna, hata nikisema mpaka nikauke koo, itafaa nini?"

Uso wa Sindano ulikuwa umefungwa kabisa. Si wa mtoto aliyekatazwa mchezo, ni wa fundi aliyenyang'anywa kazi. Kwangu ilikuwa vigumu kuutazama, na kwa kaka, aliyeuona kama ukungu, sijui kama ilikuwa rahisi zaidi. Mtoto aliifuta kalamu ya chuma aliyokuwa akitumia, akaifunga kwenye kitambaa chake, akamwekea babu yake mapajani. Kisha akanipita mlangoni akachukua mfuko wa vibao bila kuambiwa.

Alitembea mbele yangu njia nzima. Kwa wakili hakusema lolote juu ya ngazi. Kwenye kiwanda cha matofali alikaa peke yake mwisho wa rundo, akanigeuzia mgongo, na niliona mabega yake yakitikisika. Sikumsogelea. Nilikaa na sanduku langu la pete, jua likitupiga wote wawili.

Watoto walikuwa wamegawana makundi na mmoja alipungua. Walimwita mara ya kwanza, hakugeuka. Walimwita tena. Mrefu wao, kutoka goli la mbali kabisa, alifanya ishara fulani kwa mikono na uso, bila sauti, na sikujua maana yake.

"Anasema nini yule?" nilimuuliza.

Sindano alifuta miwani kwa pindo la gauni, akaivaa, akatazama kule mbali.

"Anasema naogopa," alisema.

Akaninyooshea viatu vyake nimshikie, akateremka kwenye matofali.